Teze haiandikwi kwa Kifungu cha 15

Katika vyuo vikuu vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuna watu wenye miaka 40 na zaidi ambao bado wanaitwa wanafunzi. Ni maasistenti na mashefu wa kazi. Asubuhi wanafundisha, mchana wanasahihisha mitihani ya maprofesa wao, na usiku, kama umeme upo, wanarudia teze ya udaktari ambayo waliianza zamani na ambayo hakuna anayejua itaisha lini.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Mfumo wa LMD, uliotajwa katika sheria ya elimu ya Februari 2014 na kuenea vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unapanga miaka 3 ya udaktari baada ya master. Lakini miaka hiyo 3 inadai vitu viwili: vyombo vya kufanyia kazi, na profesa anayesoma kile mwanafunzi anachoandika. Mashariki mwa Congo, mtafiti anaandikishwa bila mtu kumhakikishia hata kimoja kati ya hivyo. Anaambiwa tu, kwa maneno au kwa kunyamaziwa, kwamba ajipange mwenyewe. Ni Kifungu cha 15, msemo ambao kila Mkongomani anaujua. Kifungu hicho kimewasaidia watu wengi kupata chakula cha siku. Teze ya sayansi hakiwezi kuiandika.

Namba zisizo na uhakika

Mfikirie mtafiti anayetaka kujua ni kwa kiasi gani taka za mji zinachafua maji ya Ziwa Kivu. Kipimo kimoja cha kawaida kinafanyika hivi: anachota maji, anapima oksijeni iliyomo, anaifunga chupa na kuiweka gizani katika kabati linalobaki kwenye joto la nyuzi 20 kwa siku 5, kisha anapima tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha uchafu. Kazi si ngumu. Lakini siku ya tatu umeme wa SNEL ukikatika na jenereta ya fakulte ikikosa mafuta, joto la kabati linabadilika na kipimo kinaharibika. Hawezi kuyachota tena maji ya siku ile. Na kama alikuwa anapima mwanzo wa mvua, itabidi angoje msimu mwingine.

Mashine ya kupima uchachu wa maji ni jambo lingine. Ni ndogo, inaingia mkononi, na maabara nyingi zinayo. Lakini kabla ya kazi inapaswa kusawazishwa kwa maji maalum yanayonunuliwa. Maji hayo yakiisha au yakipita muda wake, mashine haisimami. Inaendelea kuonyesha namba, ila hakuna anayejua kama namba hizo ni za kweli. Mashine iliyokufa inajulikana na kila mtu. Hii inayodanganya inaweza kuingia ndani ya teze nzima, na kosa lionekane siku ya utetezi, mbele ya majaji.

Kwa vipimo vikubwa hali ni mbaya zaidi. Anayetafuta zebaki katika samaki wa mito ambako watu wanasafisha dhahabu, huko Mwenga, Shabunda au Ituri, anahitaji mashine ambayo vyuo vichache sana nchini vinayo, na hata pale ilipo inadai gesi, vipuri na fundi. Basi sampuli zinatafutiwa njia ya kwenda Kampala, Nairobi au Ubelgiji. Kule zinalipiwa moja moja, kwa dola. Mtafiti aliyepanga sampuli 200 anapeleka 30, kwa sababu mshahara wake hautoshi zaidi ya hapo. Miaka inapita, kisha mmoja wa majaji anamuuliza kwa nini sampuli ni chache. Swali ni la haki, ila lilipaswa kuulizwa mapema, na kuulizwa chuo.

Vita navyo vimeongeza mzigo. Tangu mapigano yalipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukanyamaza. Dawa za maabara zinazotakiwa kusafiri ndani ya baridi hazingojei njia ifunguliwe. Konjelateri iliyokosa umeme siku mbili inaweza kupoteza kazi ya miaka miwili.

Profesa asiyeonekana

Hata hivyo, ukosefu wa vyombo peke yake hauui teze. Watafiti wa Congo wamezoea kufanya makubwa kwa vidogo. Teze inakufa pale ukosefu wa vyombo unapokutana na msimamizi, yule anayeitwa promotere, ambaye hayupo.

Yeye ndiye mwenye uzoefu wa kusema katika mwezi wa pili: "Swali hili halijibiki kwa vyombo tulivyo navyo, tulibadilishe." Yeye ndiye anayejua mwenzake huko Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa mwenye mashine inayofanya kazi, na ndiye ambaye barua yake inafungua mlango. Mtafiti mchanga akiandika barua hiyo kwa jina lake, mara nyingi hajibiwi. Kwa hiyo, kadiri maabara inavyokuwa maskini, ndivyo mwanafunzi anavyomhitaji msimamizi zaidi. Katika chuo chenye kila kitu, mwanafunzi mwenye profesa mzembe anaweza bado kujikokota mpaka mwisho. Katika chuo kisicho na kitu, anazama.

Uzembe huo unajulikana kwa sura zake. Sura ya kwanza ya teze inatumwa kwa barua pepe, na mwaka unapita bila jibu. Mwanafunzi anaichapisha na kuipeleka mkononi. Anaikuta baadaye juu ya meza ileile, chini ya karatasi zingine. Anapiga simu na kuambiwa profesa yuko safarini, anafundisha mji mwingine. Profesa anaporudi, anakuja na rundo la mitihani, na mwanafunzi ndiye anayeisahihisha. Wengine wanakuta jina la msimamizi limetangulia kwenye makala ambayo hakuisoma. Wengine wanaambiwa, baada ya miaka 4, kwamba mada yenyewe haikuwa nzuri.

Mwanafunzi hasemi kitu. Atasema kwa nani? Profesa huyohuyo anakaa katika baraza la fakulte. Ndiye anayetia sahihi ripoti ya kumpandisha asistenti kuwa shefu wa kazi. Ndiye anayechagua, au ambaye rafiki zake wanachagua, watakaokaa kwenye jiri. Kumshtaki ni kuikata tawi unalolikalia. Pamoja na hayo, kuna heshima kwa mkubwa, ambayo ni jambo jema nyumbani na shuleni, lakini hapa inatumiwa kama pazia. Kijana anafunzwa kwamba kumkumbusha Prof kazi yake ni utovu wa adabu. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja anabeba shida yake peke yake na kuifikiria ni udhaifu wake mwenyewe.

Mizigo ya maprofesa

Ingekuwa si haki kuwamwagia maprofesa lawama yote. Wengi wao walipita njia hiyohiyo. Mishahara yao imekuwa chanzo cha migomo isiyohesabika, na katika mikoa ya mashariki wenye cheo hicho ni wachache mno kwa wingi wa vyuo vilivyofunguliwa. Profesa mmoja anafundisha Bukavu mwezi huu, Goma ujao, kisha Butembo, Kindu au Kalemie. Si tamaa tu inayomzungusha. Vyuo hivyo vinamhitaji ili mwaka wa masomo uishe, na yeye anahitaji malipo hayo ili watoto wake wasome.

Wapo pia maprofesa wanaosoma kila ukurasa, wanaotoa pesa zao mfukoni kununua dawa za maabara, wanaofungua nyumba zao jioni ili mwanafunzi atumie umeme na intaneti. Kila fakulte ina mmoja au wawili wa namna hiyo, na wanafunzi wote wanawajua kwa majina.

Lakini hapo ndipo tatizo linapojionyesha. Mwanafunzi akimaliza, anasema alikuwa na bahati ya kupata profesa mwema. Akishindwa, anasema alikosa bahati. Kusimamiwa vizuri kumegeuka kuwa zawadi, na mtu hawezi kudai zawadi. Ugumu wa maisha unaeleza kwa nini profesa ana shughuli nyingi. Haumruhusu kukubali watafiti 10 huku akijua ana muda wa wawili. Kukataa mwanafunzi ambaye hutamfuata ni uaminifu pia, na hakugharimu hata franga moja.

Congo haikuzaliwa bila maabara

Wapo wanaosema hali hii ni ya kawaida kwa nchi maskini. Historia inawapinga. Mwaka 1959, miaka 5 tu baada ya Chuo Kikuu cha Lovanium kuanzishwa, Kinshasa ya sasa ilipata mtambo wa kwanza wa nyuklia wa utafiti katika Afrika nzima. Ule wa pili uliufuata mwaka 1972, na ukasimama mwaka 2004. Huko Kabare, kaskazini mwa Bukavu, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 ilijenga Lwiro maabara, maktaba na makusanyo ya mimea na wanyama ambayo watafiti wa nchi nyingi waliyafuata. Leo inaitwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, na majengo yake bado yanamshangaza anayefika mara ya kwanza. Vyombo hivyo vililetwa na ukoloni kwa faida yake, na Wakongomani wachache sana waliruhusiwa kuvitumia kama watafiti. Lakini walipovirithi, serikali moja baada ya nyingine iliacha vizeeke bila kuweka bajeti ya kuvitunza.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani. Kituo hicho cha kilimo na misitu, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa kimezama usingizini kwa miaka mingi. Katika miaka ya karibuni, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kisangani, maabara ya kuchunguza mbao ilifunguliwa, na mwaka 2020 ukasimamishwa mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyopumua hewa ya kaboni, wa kwanza wa aina yake katika bonde la Congo. Makumi ya vijana Wakongomani wamesomea master na udaktari katika mpango huo. Wanatoka katika vyuo vilevile na wana akili zilezile. Kilichobadilika ni kwamba walipewa vyombo, na walipewa watu wenye wajibu wa kuwafuata hatua kwa hatua.

Kuna somo lingine kwa wale wanaosoma nusu nyumbani na nusu Ubelgiji. Wengi wakiulizwa tofauti wanataja kwanza mashine. Lakini kule kuna pia utaratibu: mtafiti hana profesa mmoja tu, ana kamati ndogo inayokaa naye kila mwaka, inasikia amefika wapi na inaandika ripoti. Msimamizi akinyamaza, wenzake wanaona. Utaratibu huo hauhitaji umeme wala gesi. Unahitaji watu watatu, chumba na karatasi.

Gharama inalipwa na wananchi

Msomaji ambaye hakufika chuo kikuu anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Ajibiwe kwa Kamituga. Mwezi wa Septemba 2023, katika mji huo wa dhahabu wa Kivu Kusini, ndipo ilipoanza kuonekana aina mpya ya mpox. Kipimo kimoja kilichozoeleka kutambua aina ya zamani hakikuweza kuinasa, kwa sababu kipande cha jeni kilichokuwa kinatafutwa hakikuwamo tena katika virusi hivyo. Ilihitajika kazi ya watafiti wenye mashine za kusoma jeni ili ukweli ujulikane. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Hapo wananchi wa Kivu walikuwa wamekwisha kuugua kwa karibu mwaka mzima.

Au ajibiwe kwa Kalehe. Siku moja ya mvua, mwanzoni mwa Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji na matope, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mteremko gani utabomoka tena, mto gani utaacha njia yake, haya ni maswali ya teze. Hali kadhalika gesi iliyolala chini ya Ziwa Kivu, methani pamoja na hewa ya kaboni, katika maji yenye kina cha karibu mita 480. Upande wa Rwanda, methani hiyo inazalisha umeme tangu miaka mingi. Upande wa Congo, kijana anayetaka kuisomea bado anatafuta boti, mafuta na chupa za kuchotea.

Wakongomani wanajua bei ya kukosa maabara. Mwaka 1976, Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku na kuchukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu. Nchi haikuwa na pa kuzichunguzia, sampuli zikaenda Antwerp, na kwa miaka mingi dunia ilipoeleza jinsi Ebola ilivyogunduliwa, jina lake lilitajwa mwishoni au halikutajwa. Yeye mwenyewe alikuwa na udaktari wa Leuven. Baadaye aliongoza INRB huko Kinshasa, na kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995 ikapatikana dawa iliyojaribiwa Beni na Butembo na kuonyesha kwamba inaokoa maisha. Ndivyo inavyokuwa mtafiti mmoja anapopata mahali pa kufanyia kazi. Wangapi wengine wamekata tamaa na kwenda kufanya kazi ya logistiki katika mashirika ya misaada?

Yanayowezekana leo

Mwaka 2006, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kinshasa inapaswa kukumbushwa ahadi hiyo kila bajeti inapopita bungeni. Lakini kungoja pesa hizo peke yake ni kuhukumu kizazi kingine. Kuna mambo ambayo marekta na madekani wanaweza kuyaanza mwaka huu, hata katika hali hii ya vita.

La kwanza, mtafiti asiandikishwe mpaka karatasi moja isainiwe na watu watatu: yeye, msimamizi wake na mkuu wa shule ya udaktari. Karatasi hiyo iseme ni vyombo gani vinahitajika, viko wapi, nani atalipia, na ni siku ngapi msimamizi anapewa kusoma sura moja. Kama jibu la vyombo halipo, mada ibadilishwe siku hiyo, kabla ya miaka kupotea.

La pili, idadi ya watafiti kwa profesa mmoja iwekewe mpaka, na itangazwe ukutani. La tatu, kila mtafiti awe na kamati ya watu watatu, mmoja kutoka chuo kingine, na akutane nayo mara moja kwa mwaka. Simu na intaneti zinatosha kama barabara imefungwa. Kamati hiyohiyo iwe mahali pa kupeleka malalamiko, na mtafiti awe na haki ya kubadilisha msimamizi bila kuanza upya.

La nne, vyuo vya Bukavu, Goma, Butembo, Uvira na Kisangani viorodheshe mashine zinazofanya kazi na kufungua milango kwa watafiti wa vyuo vingine. Leo chuo kimoja kinaweza kuwa na mashine isiyo na dawa, na jirani yake akawa na dawa zinazopita muda bila mashine. Wivu wa vyuo unamlipisha mwanafunzi safari ya Kampala kwa kitu kilichopo umbali wa barabara mbili.

Wapo watakaosema karatasi na kamati hazileti umeme. Ni kweli. Kabati la nyuzi 20 litaendelea kuzimika siku ya tatu. Lakini mtafiti ambaye msimamizi wake anajua kwamba limezimika, anayekaa naye chini wiki ileile na kutafuta njia nyingine, atamaliza teze yake. Yule mwingine atarudi ziwani na chupa zake kungoja mvua ijayo, na profesa wake hatajua hata kwamba alikwenda.